UZI: Usuluhishi kijijini – wito, kikao, karatasi ya suluhu na pale inapovunjika

Mashauri_ya_Kata (mwanzisha uzi)

Habari za leo wakuu. Kila wiki humu kuna mtu anauliza "jirani kaingia mpaka wangu, nianzie wapi?" Anajibiwa "nenda mahakamani" au "kamuone mwenyekiti", uzi unaishia hapo. Huu wa leo naomba tuutumie kwa kazi yenyewe: nani anaita kikao, nani anakaa, nini kinaandikwa, na kwa nini watu waliopeana mikono mbele ya wazee wanarudi kushikana mashati msimu unaofuata.

Naanza na ardhi. Kwa ardhi ya kijiji, chombo cha kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania bara, Na. 5 ya 1999. Wajumbe ni 7, na wanawake kati yao wasipungue 3. Halmashauri ya kijiji inapendekeza majina, mkutano mkuu wa kijiji unayaidhinisha, wanakaa miaka 3. Lisichanganywe na halmashauri ya kijiji yenyewe. Halmashauri ndiyo inayogawa ardhi kwa idhini ya mkutano mkuu. Ikigeuka na kusuluhisha mgogoro wa kipande ilichokigawa, mlalamikaji atakuwa na haki ya kutoiamini.

Baraza hilo linapatanisha tu. Halitoi hukumu, halitozi faini, halimwondoi mtu shambani. Likishindwa, shauri linapanda Baraza la Kata. Hapa wengi wamebaki na sheria ya zamani: Baraza la Kata liliwahi kuamua mashauri ya ardhi yenye thamani hadi shilingi milioni 3. Tangu marekebisho ya 2021 nalo limebaki na kazi ya kupatanisha peke yake. Likishindwa linatoa cheti, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri. Zikipita siku 30 tangu lalamiko lifunguliwe kata bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani hata kama cheti hakijatoka.

Kwa hiyo mwenyekiti, mtendaji, sheikh au mchungaji hana rungu mkononi. Alichonacho ni makubaliano, na makubaliano yana nguvu kulingana na jinsi yalivyoandikwa na nani alikuwepo yakiandikwa. Mengine yote ya uzi huu yanatoka hapo.

---

Nyanda_Kijana

Shikamoo mkuu. Swali: balozi wa nyumba kumi yuko wapi kwenye mlolongo huo? Kwetu yeye ndiye wa kwanza kuitwa.

---

Mashauri_ya_Kata

Marahaba. Balozi ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Anaweza kupatanisha kwa heshima yake kama mzee yeyote, na ugomvi wa kuku au wa maji ya mfereji aumalize huko huko. Kwa ardhi, karatasi yenye muhuri wake haihesabiki kuwa hatua ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Anayetarajia shauri linaweza kufika mbali apeleke lalamiko barazani mapema.

Sasa kikao chenyewe.

Lalamiko liingie kwenye daftari, si mdomoni. Andika tarehe, jina la mlalamikaji, jina la mlalamikiwa, kinacholalamikiwa kwa sentensi moja, na anachotaka kwa sentensi nyingine. Hiyo sentensi ya pili husahaulika, ndiyo maana kikao kinaongea kwa muda wa saa nne bila kujua mtu anataka mpaka urudi, alipwe, au aombwe radhi tu. Usisikilize kesi nzima ya upande mmoja nyumbani kwako jioni. Ukishakunywa chai na kusikia kila kitu, mwenzake atakuona umeshanunuliwa hata kama hukupewa senti.

Wito uandikwe nakala mbili. Moja anabaki nayo mlalamikiwa, nyingine anasaini na inarudi. Apelekewe na mwenyekiti wa kitongoji, asitumwe mlalamikaji wala mtoto wake. Mpe siku 7. Usiite kikao siku ya mnada, Ijumaa mchana, Jumapili asubuhi, wala wiki ya mvua za kwanza za kupanda. Asipokuja mara ya kwanza, andika wito wa pili. Asipokuja tena, andika hivyo kwenye muhtasari na upeleke juu. Kumtuma mgambo amkokote kunaua usuluhishi kabla haujaanza.

Siku ya kikao, kabla ya yote, uliza kwa sauti: kuna mjumbe hapa ambaye ni ndugu, mkwe, mdai au mdaiwa wa upande wowote? Aliye hivyo atoke, na iandikwe kwamba ametoka. Baada ya hapo mlalamikaji aseme mpaka mwisho bila kukatizwa, mlalamikiwa vilevile, ndipo mashahidi, mmoja mmoja, wengine wakiwa nje hawasikii. Mkifika mahali pameganda, ahirisheni na mwongee na kila upande faragha. Wajumbe wawili waende, asiende mmoja peke yake.

Na wanawake wale watatu si wa kujaza idadi. Mjane anayedaiwa shamba na shemeji zake hatasema mbele ya wanaume kumi kwamba alitishiwa usiku. Atamwambia mjumbe mwanamke kando, na mjumbe huyo ndiye atakayeuliza kikaoni swali linalolifikisha jambo mezani bila kumuumbua.

---

Mpima_Mpaka

Naongezea kwenye mipaka, maana hapa karatasi nyingi zinaandikwa "wamekubaliana mpaka upite pale pa zamani". Pa zamani ndipo wanapogombania!

Kikao cha mpaka kifanyike shambani. Waitwe majirani wa pande zote nne, si hao wawili tu, kwa sababu mara nyingi aliyesogea ni wa tatu na wote wamesukumana kumfuata. Nendeni baada ya mavuno au kabla ya kupanda. Mahindi yakiwa yamepita kichwa hamuoni kitu na mnaharibu mazao ya mtu.

Tafuteni alama zilizo hai. Kilimanjaro na Upareni ni masale, kwingine ni mkonge au minyaa. Alama ya zamani ina shina nene na machipukizi mengi. Iliyopandikizwa mwaka jana inajulikana kwa udongo na kwa mizizi. Mawe ya mpaka yafukueni kidogo: jiwe lililokaa miaka limezama na lina udongo mgumu pande zote, lililohamishwa juzi limelala juu juu.

Kupima, tumieni futi kamba au kamba moja iliyopimwa. Kama ni hatua, atembee mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana hatua 70 kwa 70 tunazoita ekari zinategemea miguu ya nani. GPS ya simu isitumike kwa mgogoro wa hatua mbili tatu, kwa sababu hata mahali pa wazi inaweza kukosea mita 5 au zaidi, na chini ya migomba inakosea zaidi.

Kwenye karatasi andikeni hivi: "Kutoka mwembe wa kona ya kaskazini, hatua 48 kuelekea mtoni hadi jiwe jeupe, kisha hatua 31 hadi kisiki cha mkuyu." Siku hiyo hiyo pandeni alama mpya mbele ya wote. Mkisema "mtapanda wenyewe wiki ijayo" mmeacha mgogoro ulipokuwa.

Jingine: kama suluhu ni kwamba mmoja anamuachia mwenzake kipande kwa malipo au wanabadilishana, hiyo ni uhamisho wa ardhi, na lazima upate idhini ya halmashauri ya kijiji. Baraza la Ardhi la Kijiji haliwezi kuidhinisha. Wengi wameuziana mbele ya wazee, wakapeana mikono, na miaka baadaye mauzo yakaonekana batili kwa sababu halmashauri haikuhusishwa.

Na muulize tangu mwanzo: amekaa hapo tangu lini? Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Aliyenyamaza miaka 20 bado anaweza kupatanishwa na mwenzake, ila ajue kwamba njia ya kisheria huenda imeshafungwa, asikatae suluhu nzuri akitegemea wilayani.

---

Ugani_Mashambani

Wakulima na wafugaji sasa. Kilosa wanakumbuka Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, watu 38 waliuawa. Mambo kama hayo hujengwa na migogoro midogo ya fidia iliyopuuzwa au iliyolipwa kwa fujo.

Ng'ombe wakiingia shambani, ndani ya saa 24 lipatikane jopo la watu wanne: mwenye shamba, mwenye mifugo au mwakilishi wake, afisa ugani, na mjumbe wa kijiji. Tathmini ikifanyika bila mfugaji haina maana, ataikataa na atakuwa sahihi. Piga picha, hesabu eneo lililoliwa kwa hatua, na andika zao lilikuwa na umri gani.

Umri ndio unaobadilisha hesabu. Mahindi machanga yenye majani matano sita bado sehemu yake ya kuchipulia iko chini ya ardhi. Yakikatwa juu bila kung'olewa kwa kwato, mengi yanachipua. Kwa hayo msilipane siku hiyo. Rudini baada ya siku 7, hesabuni yaliyokufa, na fidia iwe mbegu, kulima tena na palizi. Yaliyokwisha kubeba hayarudi.

Mfano wa hesabu kwa yaliyobeba: nusu ekari imeliwa yote. Majirani wenye shamba kama hilo wanapata gunia 10 kwa ekari, kwa hiyo hasara ni gunia 5. Bei ya msimu wa mavuno, tuseme 60,000 kwa gunia, inakuwa 300,000. Toa gharama ambazo mkulima hajazitumia, yaani kuvuna, kubeba, kupukuchua na magunia, tuseme 40,000. Inabaki 260,000. Makosa mawili ya kawaida ni kutumia bei ya Februari wakati mavuno ni Julai, na kudai mavuno kamili bila kutoa gharama. Mfugaji akionyeshwa hesabu yote mstari kwa mstari, mara nyingi analipa. Akitajiwa "milioni moja" kutoka hewani anaita vijana wake.

Kwa Wamaasai malipo yapitie kwa laigwanan (kiongozi wa jadi wa rika), na aitwe tangu tathmini, si siku ya kulipa. Akishakubali yeye, rika lake linabanwa. Ng'ombe wasizuiwe kama dhamana bila maji na malisho. Akifa mmoja kizuizini, mgogoro umegeuka na mkulima ndiye mdaiwa. Na fidia ni ya mkulima. Kijiji kikitaka faini yake, itoke kwenye sheria ndogo iliyopitishwa na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, itolewe risiti, isichanganywe kwenye bahasha moja.

---

Mama_Baraza

Ahsante Ugani kwa hesabu. Mimi nazungumzia ndoa, ambako viongozi wa dini ndio wenye kazi kubwa na ndiko karatasi zao hugonga ukuta.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inazuia kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na baraza likathibitisha limeshindwa. Baraza ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Kuna la kata, na kuna ya jumuiya za dini ambayo Waziri ameyateua. Si kila kamati ya msikiti au wazee wa usharika ni baraza. Mchungaji anaweza kukaa na wanandoa mwaka mzima kwa nia njema, lakini barua yake ya "nimeshindwa kuwapatanisha" haiwi cheti. Cheti kinatolewa kwa Fomu Na. 3, kinaeleza baraza limeona nini, na hakitakiwi kuwa na zaidi ya miezi 6 siku shauri linapofunguliwa. Mtu anachukua cheti, anarudi nyumbani kujaribu tena, mwaka unapita, anakwenda nacho mahakamani na shauri linatupwa kwa kuwa limefunguliwa kabla ya wakati.

Wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu mbele ya baraza hilo. Kuna hali ambazo hakuna haja ya kupita huko, kama mwenzi ametoroka na hajulikani alipo, au amekataa kwa makusudi kuja baada ya kuitwa. Kukataa huko kunathibitishwa na zile nyito zilizosainiwa, kwa hiyo zitunzwe.

---

Ustadh_Mrima

Assalaam alaykum. Nashukuru Mama Baraza kwa ufafanuzi wa fomu, masheikh wengi wa kata wanauhitaji.

Kwa upande wetu mwongozo wa ndoa ni Surat an-Nisaa aya ya 35: mpatanishi mmoja kutoka kwa watu wa mume, mmoja kutoka kwa watu wa mke. Kinachokosewa ni kuteua wajomba wenye hasira. Wateuliwe wanaokubalika na upande wa pili pia. Kila mpatanishi amsikilize wa kwao kwanza, kisha hao wawili wakutane peke yao bila wanandoa, waje na pendekezo moja.

Katika madai ya mali, kanuni ni kwamba anayedai alete ushahidi, na anayekana ale yamini (kiapo). Yamini ije mwisho, ushahidi ukishakosekana, na kwa ridhaa. Kumtishia mtu kwa Halbadiri (kisomo cha kumwapiza mtu) kikaoni ili akiri si usuluhishi. Anakiri kwa hofu leo, kesho anaruka.

Mirathi ndiyo yenye kugombanisha sana. Kabla ya kugawa, toa kwanza gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi theluthi moja. Na kabla ya hayo yote, toa kilicho cha mjane mwenyewe, alichochuma au kuchangia. Kikishatoka ndipo kinachobaki kinaitwa mali ya marehemu. Hatua hii ikirukwa, mjane anagawiwa thumni (moja ya nane) ya mali ambayo sehemu yake ilikuwa yake tayari.

Mfano: marehemu, wazazi wake wameshatangulia, ameacha mke mmoja, watoto wa kiume 2 na wa kike 3, na ekari 8 zilizobaki safi. Mke ana watoto, hivyo anapata thumni, ekari 1. Zinabaki 7. Mwanamume huhesabiwa mafungu mawili na mwanamke moja: 2+2+1+1+1 ni 7. Kila mwanamume ekari 2, kila mwanamke ekari 1. Chorea familia hesabu hiyo ubaoni wote waione. Na mwaka mmoja wa kuahirisha "mpaka watoto wakue" unazaa mmoja aliyejenga juu ya fungu la dada yake.

---

Katekista_Milimani

Tumsifu Yesu Kristo. Ustadh umenena vyema kuhusu kutanguliza faragha. Kwetu Mathayo 18 inaanza vilevile: wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili, kisha kanisa. Wazee wa kanisa wanaorukia hatua ya tatu na kulitangaza jambo ibadani wanamfungia mtu mlango wa kurudi.

Nataka nigusie familia zenye dini mbili, hasa mazishi. Marehemu alibadili dini, ndugu wanataka azikwe kwa taratibu zao, mjane au watoto kwa taratibu nyingine, na mwili upo. Muda ni mfupi mno kwa kikao cha kawaida. Imamu na mchungaji wakutane wao kwanza, bila ndugu, robo saa. Waulizane jambo moja la ukweli: marehemu alikuwa akisali wapi mwishoni, na nani shahidi asiye wa familia? Wakikubaliana jibu, waende pamoja msibani na msemaji awe yule ambaye upande wake "umeshindwa". Ndugu wa Kikristo wakiambiwa na mchungaji wao wenyewe kwamba mzee alikuwa Mwislamu, wanatulia. Wakiambiwa na imamu wanaona wamepokonywa. Upande mwingine upewe nafasi halisi, kama kuzungumza wasifu au kuandaa chakula cha wafiwa. Wachinjaji wa msiba nao wapangwe saa hiyo hiyo. Buseresere kule Geita, Februari 2013, ugomvi wa nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa.

---

Nyanda_Kijana

Na kesi za jinai? Kuna vijiji binti akibebeshwa mimba au kubakwa wazee wanakaa, familia inalipwa ng'ombe, imeisha.

---

Mama_Baraza

Haijaisha, na waliokaa kikao hicho wamejiingiza kwenye kosa. Ubakaji adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30, na ridhaa ya mtoto chini ya miaka 18 haihesabiki. Hakuna mzee mwenye mamlaka ya kuusamehe kwa niaba ya binti. Kazi ya kiongozi hapo ni kumpeleka polisi na hospitali siku hiyo hiyo, asioge, nguo zitunzwe kwenye karatasi au kitambaa na si mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu unaharibu ushahidi. Kupigana kidogo, matusi, ugomvi wa majirani, hayo yanapatanishika, hata mahakama yenyewe huhimiza. Mauaji, ubakaji, ukatili kwa watoto, silaha: hapana.

Ongezeni na uchawi. Sheria ya Uchawi inamfanya mtu kuwa na kosa kwa kumtaja mwenzake kuwa mchawi. Mwenyekiti anayeruhusu mchango wa kuwaleta lambalamba (waganga wanaozunguka kufichua wachawi), au kamchape kama wanavyoitwa Kigoma, anapanga kikao cha kutaja majina, na bibi wa watu anaweza kufa wiki hiyo. Lalamiko la "ananiloga" likija, muulize kimetokea nini hasa. Chini yake mara nyingi kuna deni, shamba au mtoto aliyekufa bila kupelekwa hospitali. Hilo ndilo la kusuluhisha.

---

Kaya_na_Pwani

Salamu kutoka Kwale. Huku Kenya mabaraza ya ardhi ya wazee chini ya sheria ya 1990 yalifutwa 2011, lakini Katiba ya 2010, ibara ya 159, inahimiza upatanisho na njia za jadi, mradi zisivunje Sheria ya Haki. Kwa hivyo mzee wa mtaa, chifu na wazee wa kaya bado wanapatanisha. Waislamu wana Mahakama ya Kadhi, ambayo ni mahakama ya serikali kamili kwa ndoa, talaka na mirathi, iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Kwenu bara Tanzania kadhi hana nguvu hizo, au nakosea?

---

Ustadh_Mrima

Hukukosea. Bara kadhi yuko chini ya BAKWATA, anapatanisha na kutoa mwongozo, hukumu inabaki mahakamani. Zanzibar ndiko Mahakama ya Kadhi ni ya dola kama huko kwenu.

---

Mashauri_ya_Kata

Walioniomba PM mfano wa karatasi ya suluhu, huu hapa kwa wote. Nakala nne: kila upande moja, baraza moja, mtendaji moja.

"Leo tarehe 14/6, katika ofisi ya kijiji cha ______, mbele ya wajumbe (majina na saini), A na B wamekubaliana kwa hiari yao: 1. Mpaka ni (maelezo kwa hatua na alama). 2. B atamlipa A shilingi 120,000 kwa migomba 6 iliyokatwa: 60,000 tarehe 30/7 na 60,000 tarehe 30/8, mbele ya mtendaji, kwa maandishi. 3. A ataondoa lalamiko lake na hatadai tena migomba hiyo. 4. B asipolipa kwa tarehe, A yuko huru kupeleka shauri Baraza la Kata na karatasi hii itakuwa ushahidi. 5. Baraza litatembelea mpaka tarehe 1/9. Karatasi imesomwa kwa sauti na wote wameielewa. Saini au dole gumba la A, B, mke wa A, mke wa B, na majirani wa mpaka."

Saini za wake zisiachwe. Suluhu nyingi zimevunjwa na mwenza aliyerudi kutoka msibani akakuta nusu ya shamba imetoka.

---

Mpima_Mpaka

Mkuu, kwenye kipengele cha 1 ongeza "alama zimepandwa leo mbele ya wote" na aina ya alama. Kwa asiyejua kusoma, aliyemsomea aandikwe jina na asaini, na asiwe ndugu wa upande wa pili.

---

Mashauri_ya_Kata

Imeongezwa. Wenye maswali ya maji ya mifereji na njia za mifugo waendelee hapa chini, Ugani yupo.